Mbwa wa ulinzi nyumba ya Kiislamu, mama mkwe hataki hata kumuona. Nifanyeje?

UmmuSalha_Chanika

Assalaam alaykum ndugu zangu, naombeni mnisaidie maana hapa nyumbani pamekuwa hapakaliki. Tunaishi Chanika huku ndani kabisa, tumejenga tukahamia hivohivo, ukuta bado, tuna michongoma na geti la bati basi. Mume wangu dereva wa lori anapeleka mizigo Tunduma mpaka Lubumbashi, akiondoka hapa anaweza asionekane mwezi mzima, kwa hiyo tunabaki mimi na watoto na mama mkwe. Mwaka huu wametuibia pampu ya kisima, wakarudi wakabeba kuku, halafu juzijuzi wakaja kukata nondo za dirisha la stoo na sisi tumo ndani tunasikia msumeno unavyokwenda taratibu, mama mkwe anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti na mimi nampigia mjumbe simu inaita tu.

Mume wangu aliporudi hakusema kitu, kesho yake akaja na mbwa. Chotara wa jemani shepadi, dume, bado kijana, alipewa na bosi wake wa zamani wa Mbezi anahama. Kusema ukweli toka aje huyu mbwa nyuma ya nyumba hakupiti mtu, na mimi usingizi umerudi.

Shida sasa ni humu ndani. Mama mkwe kasema malaika hawaingii tena nyumba hii na yeye anataka nauli arudi Kilwa. Sebuleni haswali tena, anaswali chumbani kwake kafunga mlango na chini ya mlango kaziba kanga. Maji ya udhu anachota mwenyewe kwenye ndoo yake anaifunika na sinia. Mwanangu wa darasa la kwanza naye ndo kabisa, anamkumbatia yule mbwa, analambwa mikono, saa nane anavaa kanzu anakwenda madrasa, ustadhi kaniita kanisema mbele za watu. Na wamama waliokuwa wanapita jioni tunapiga stori sa hivi wananisalimia kwa mbali wakiwa njiani.

Sasa nauliza, mbwa wa ulinzi inaruhusiwa kwetu au mume wangu kakosea? Na kama inaruhusiwa twahara inakwendaje, maana kila nguo ikiguswa nikaoshe mara saba na mchanga huku maji nanunua kwa dumu nitaweza kweli? Nisiwachoshe, naomba majibu ya kiutu uzima.

mtoto_wa_gerezani

Waalaykum salaam dada. Tafuta Mmasai na rungu lake, malaika wanaingia na mwizi haingii 😂

UmmuSalha_Chanika

Mmasai analipwa kaka yangu, mbwa anakula ukoko.

AbuuNaufal

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu nitakwambia bila kuzunguka, dini hatubembelezani. Mtume swalallahu alayhi wasallam kasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha, hadithi ya Abu Twalha iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Na kasema mwenye kufuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba anapungukiwa thawabu zake kila siku qirati moja (kipimo cha thawabu), na riwaya nyingine qirati mbili. Kwenye hadithi ya jeneza qirati imefananishwa na jabali Uhud, sasa piga hesabu mwenyewe mwezi mzima umepoteza nini wakati umelala usingizi mzuri.

Ruhusa zimetajwa tatu kwa majina yake na nyumba ya Chanika haimo. Wekeni taa za sola zile zinazowaka mtu akipita, ingieni kwenye ulinzi shirikishi wa mtaa, pandisheni tofali kidogokidogo kila mumeo akirudi safari. Halafu yule ni mama yake mumeo, mtu mzima kakimbia sebule kwa ajili ya mnyama, hilo peke yake linatosha kumtoa.

UmmuSalha_Chanika

Shukran shehe nimekuelewa. Ila taa ya sola tulifunga, wakaiba na taa yenyewe.

mwanachuo_kijichi

Pole sana dada. Abuu Naufal hadithi zote alizotaja ni sahihi, hapo hatuna ugomvi, ila kaishia kwenye hadithi hakuendelea na wenye fani wameielewaje. Sisi huku pwani karibu wote ni Mashafi, yaani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, basi tuseme ya Shafi maana ni kati ya madhehebu magumu zaidi kwenye suala la mbwa.

Imamu Nawawi, ambaye kwenye madhehebu yetu neno lake ndo linategemewa, alipokuwa anasherehesha Sahihi Muslim kalileta swali lako hilihili: mbwa wa kulinda nyumba au njia. Kasema wanazuoni wetu wana kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi ni kwamba inajuzu, kwa kukisi, yaani kulinganisha, na wale watatu waliotajwa, kwa sababu kilichowaruhusisha ni haja na haja ikipatikana hukumu inaifuata. Sasa mtu anayekata nondo na wenye nyumba wamo ndani, mume yuko Lubumbashi, kama hiyo siyo haja sijui haja ni ipi. Kwa hiyo mumeo hana kosa, na ile habari ya qirati ni ya anayefuga kwa kupenda tu bila sababu.

Ila mama mkwe wako naye hakuropoka, msimfanye mshamba. Kuhusu malaika kuna khilafu, yaani wanazuoni wametofautiana. Mwanazuoni Khattabi kasema mbwa walioruhusiwa hawaingii kwenye ile hadithi, yaani malaika wanaingia. Nawawi huyohuyo aliyeruhusu kufuga kasema hapana, kinachoonekana ni hadithi ya jumla, mbwa yeyote. Na hao wanaokusudiwa ni malaika wa rehema, wale wa kuandika amali hawakuachi popote. Iko pia kwa Muslim ile ya Jibril kumuahidi Mtume kuja kisha asije, kumbe kitoto cha mbwa kimejificha chini ya kitanda bila mtu kujua, kikatolewa, pale kilipokuwa pakanyunyizwa maji, basi, wakaendelea kuishi nyumba ileile. Ndo maana utasikia mashehe wanasema mbwa akae nje kabisa, banda lake liwe mbali na mlango, ndani asikanyage. Ukifanya hivo umetumia ruhusa na mkweo umempa heshima yake.

Twahara sasa. Kwa Shafi mbwa ni najisi nzito mzima mzima, mate, jasho, manyoya, yote, na kuosha ni mara saba moja yake na udongo, kama ilivyokuja kwenye hadithi ya chombo alichoramba mbwa. Lakini watu wanasahau kwamba najisi haihami mpaka pawe na umajimaji. Mbwa mkavu kapita kaigusa kanzu kavu, hakuna kitu, usioshe hata mara moja. Na yakini haiondoki kwa shaka, sebule yako hujamuona mbwa kaingia basi ni twahara, asikwambie mtu "huenda usiku alipita". Mkieneza huenda-huenda mtaishi kwenye waswasi na maji ya dumu yataisha.

Pale palipolowa mate kweli ndo uoshe. Chukua udongo msafi, siyo ule anapokojoa, ukoroge na maji mpaka maji yabadilike rangi, pitisha pale palipoguswa, hapo umehesabu moja, halafu mara sita maji matupu. Siyo nguo nzima, ni pale tu. Mikono ya mtoto hivohivo, na kwa mikono udongo wenyewe uko uani hapo hauununui. Ardhi ya udongo yenyewe akiiramba haihitaji uongeze udongo juu yake, unamimina maji mara saba basi, ila sakafu ya simenti inahitaji. Sabuni badala ya udongo kuna wa zama hizi wameruhusu, Nawawi kwenye kitabu chake cha Minhaj kauchagua udongo peke yake, wewe udongo unao bure kwa nini uhangaike.

Na kwa faida tu, wenzetu Wamaliki mbwa kwao ni twahara, kuosha chombo mara saba wanafanya kwa sababu tumeamrishwa siyo kwa sababu ni najisi. Imamu Malik hoja yake ilikuwa kwamba Qur'ani sura ya Maida aya ya 4 imetuhalalishia kula alichokikamata mbwa wa kuwinda, na anakikamata kwa mdomo, sasa mate yake yatakuwaje mabaya? Mahanafi wao mate ndo najisi, mwili mkavu au manyoya hapana. Sikwambii uhame madhehebu, nakwambia ujue upana ulipo ili jirani akikutazama kama umefuga nguruwe usilie.

AbuuNaufal

Mwanachuo sikatai Nawawi, nani mimi nimkatae Nawawi. Naogopa mlango unaofunguliwa. Leo wa ulinzi, kesho wa sebuleni anakaa kwenye kochi anaangalia tamthilia ya Kituruki na familia.

kichuna_wa_goba

Jamani mimi ndo huyo wa kwenye kochi 😅 naswali swala tano na mbwa wangu mdogo mweupe analala miguuni kwangu, nikitaka kuswali namtoa na nina chumba maalum. Watu wa pwani mna roho ngumu kwa mbwa nyie. Nimekulia Magomeni nimeona kwa macho yangu watoto wanatoka madrasa na juzuu kwapani wanamponda mawe mbwa mwenye mimba mpaka anaingia mtaroni, na wazima wamekaa barazani wanakunywa kahawa wanacheka, hakuna aliyewakataza. Hiyo ndo sunna? Si kuna hadithi ya yule kahaba wa Bani Israili aliyemuona mbwa anazunguka kisima ulimi nje kwa kiu, akavua kiatu chake akamtekea maji, akasamehewa? Mbona hiyo haisomwi kwenye mihadhara? Na mbwa wa Watu wa Pangoni katajwa kwenye sura ya Kahf, kanyoosha miguu yake kizingitini analinda waja wema, na sisi Ijumaa tunaisoma kila wiki.

mwanachuo_kijichi

Dada Kichuna kwenye mawe nipo na wewe mia kwa mia, kumuadhibu mnyama ni dhambi na ustadhi anayewaacha watoto wafanye hivo ana la kujibu. Ila soma tena hiyo aya uliyoileta, yule mbwa yuko kizingitini, hayuko kwenye godoro 🙂 Wa kwako ni wa kupenda tu, hana kazi, huyo ndo qirati inamhusu. Suala lako na la dada wa Chanika siyo moja.

kichuna_wa_goba

Wa kwangu akisikia boda imesimama getini analia mpaka nifungue. Analinda huyo.

mtoto_wa_gerezani

Anakilo ngapi huyo mlinzi 😂😂

mzee_wa_toangoma

Salaam aleikum vijana. Nimesoma yote. Mimi nina mbwa tangu nipo na shamba la mihogo Mkuranga, nguruwe pori walikuwa wanatufilisi, na sasa hivi umri umeenda nipo hapa Toangoma bado ninao wawili. Mke wangu ni mtu wa dini kuliko mimi, bint wa mwalimu wa chuo, kwa hiyo nakwambia mwanangu yaliyofanyika kwenye nyumba yenye mtu kama mkweo.

Kwanza mbwa asiwe na njia ya kufika mlangoni. Banda langu liko pembeni ya choo cha nje, limeinuliwa juu ya tofali mvua isiingie, na kuanzia jua linachwa ndo nawafungulia. Alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda kuchota maji ya udhu nishawafunga. Kwa hiyo mchana wageni wanakuja wanakaa barazani hawaoni mbwa. Wale wamama wako watarudi mwanangu, wanachoogopa ni kukutana naye njiani nguo zimelowa.

Pili vyombo. Sufuria la mbwa wangu limekatwa mpini mmoja makusudi, hata mgeni akija jikoni usiku hawezi kukosea kulichukua, na halikai jikoni linaning'inia kwenye mwembe. Upawa wake wa kijiti. Chakula kinapikwa nje kwenye mafiga, dona na dagaa wale wa kuvunjikavunjika, au mtu akienda Feri analeta vichwa vya samaki. Ukoko mtupu hautoshi mwanangu, huyo jemani atakonda mbavu zihesabike na mbwa mwenye njaa mwizi anamtupia kipande cha nyama chenye sumu anakula. Wangu mmoja aliuliwa hivo. Mfundishe asile kitu cha chini wala cha mtu mwingine, kila siku ale saa ileile mahali palepale kwa mkono wa mtu mmoja.

Tatu kuna ndoo ya udongo. Nimeuchekecha na chekeche la unga la zamani, mkavu, umefunikwa, upo karibu na bomba la nje na kopo lake. Anayewalisha ni mimi na mjukuu mkubwa, tuna kandambili zetu na shati la kazi hiyo, tukimaliza mikono inaoshwa pale pale ndo tunaingia. Ukishazoea ni muda wa kusubiri birika lichemke. Watoto wadogo hawagusi. Siyo kwamba nawatisha na moto, nawaambia huyo yuko kazini, askari hachezewi.

Na mama yako mkwe usishindane naye kwa hadithi. Mke wangu alinyamaza siku alipoona mimi mwenyewe nimehamisha banda kutoka upande wa dirisha lake bila kuambiwa. Mumeo akirudi afanye hivo, yeye na siyo wewe.

DktMifugo_Temeke

Habari zenu wadau. Mimi ni Mkristo ya dini siyaingilii, naongelea afya maana naona watu wamejadili mate kwa upande wa twahara hakuna aliyetaja kichaa.

Mama Salha, huyo mbwa alikuja na kadi ya chanjo? Kama hana kadi hesabu hajachanjwa. Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate, na dalili zikishaanza kwa binadamu hapo hakuna dawa, ni kifo. Kwa hiyo mtoto anayelambwa mikono, na mikono ya mtoto wa darasa la kwanza haikosi mchubuko, kwangu hiyo ndo habari kubwa kuliko kanzu. Chanjo anapigwa kuanzia miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka. Muone afisa mifugo wa kata yenu, au kliniki yoyote ya mifugo, akija nyumbani muandalie na hela ya bodaboda. Kila mwaka kuelekea 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi hufanya kampeni za chanjo, sikiliza matangazo ya serikali ya mtaa.

Ikitokea mtu kaumwa au kakwaruzwa na mbwa, wenu au wa nje, oshea kidonda maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima bila kuruka, halafu hospitali siku hiyohiyo. Sindano ya kwanza siku hiyo, nyingine siku ya 3, ya 7 na kuendelea, usikatize kwa sababu kidonda kimepona. Msipake pilipili wala majivu wala mafuta ya taa, haya bado nayakuta. Na msimuue mbwa mkamtupa, afungwe aangaliwe siku 10, hiyo inamsaidia sana daktari kuamua.

Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, maana mayai ya minyoo yanatoka kwenye kinyesi yanabaki kwenye mchanga ambao watoto wanachezea, kinyesi kizolewe kila siku kifukiwe. Kupe mkague masikioni na katikati ya vidole, huku kwetu joto na unyevu kupe hawaishi.

Mzee wa Toangoma umenena ila nina nyongeza moja. Kumfunga mchana sawa, asifungwe kwa mnyororo wa kuku wa futi mbili juani. Ajengewe banda la kujigeuza, kivuli, maji muda wote. Mbwa wa mnyororo saa zote anakuwa na hasira anauma mpaka wenyewe. Isitoshe kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa. Na ningeshauri ahasiwe, dume asiyehasiwa akinusa jike lenye joto mtaa wa tatu ataruka hiyo michongoma na usiku huo hamna mlinzi, na huko ndo anagombana na mbwa koko wasiochanjwa.

UmmuSalha_Chanika

Jamani nimesoma mpaka macho yanauma, Allah awalipe wote pamoja na shehe Abuu Naufal. Daktari kadi hana, nimempigia mume wangu yuko Tunduma kwenye foleni kasema bosi alimwambia kachanjwa lakini kwa mdomo. Mtoto nimemwambia asimguse tena analia kama kafiwa.

Mama mkwe nimemsomea ile ya Nawawi kutoka kwenye simu, hakujibu kitu, baadae akaniuliza huyo mtoto wa chuo ni wa chuo gani. Leo jioni kamwita mtoto wa jirani wakaenda kupima na hatua sehemu ya kuweka banda, ni kule nyuma ya mpapai, mbali na dirisha lake ila siyo mbali na la stoo, na kasema likijengwa huko ataangalia. Nauli ya Kilwa hajaitaja toka asubuhi.

Swali langu la mwisho, hilo la kuhasi. Mwanachuo inaruhusiwa?

mwanachuo_kijichi

Hapo mimi na daktari tutapishana kidogo. Nawawi kasema mnyama asiyeliwa nyama haijuzu kumhasi, mdogo wala mkubwa. Wapo wanazuoni wa sasa wanaoruhusu kukiwa na maslahi na kusiwe na mateso, kwa sindano ya ganzi na mtaalamu. Mimi siwezi kukutolea fatwa kwenye simu, muulize shehe wa msikiti wenu ana kwa ana.

AbuuNaufal

Hapo nakuunga mkono.

DktMifugo_Temeke

Sawa, basi kama hahasiwi ziba yale matundu ya chini ya michongoma kwa wavu au mbao kabla hamjaanza kumfungulia usiku, geti la bati liwe na komeo kwa ndani, na chanjo iwe wiki hii isingoje banda. Siku ya chanjo amshike mtu anayemlisha, na mtoto awe ndani.

UmmuSalha_Chanika

Anayemlisha ni mimi. Haya, nampigia afisa mifugo kesho asubuhi.

mtoto_wa_gerezani

Na kibao cha MBWA MKALI usisahau dada, hicho hakina najisi.